Plake Mbili, Gari Hakuna

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka Kamembe, huku ng'ambo ya mpaka. Homa yako imepungua? Na huko Uvira, risasi zimetulia au bado mnalala sakafuni? Mimi mzima, isipokuwa mkono.

Pongezi zenu zimefika, pamoja na kitenge mlichomtumia mume wangu Ramazani kwa kununua gari. Mama, gari hakuna. Nilimtuma Maman Furaha, yule muuza mawese, akuambie nimewekwa plake mbili. Sikuweza kuongeza neno, maana Ramazani alisimama mlangoni. Ninyi mkahesabu vibao vya namba za gari: plake ya mbele, plake ya nyuma. Nasikia Shangazi alipiga vigelegele mtaa mzima.

Plake zimo ndani ya mkono wangu wa kulia, vipande vya chuma vilivyokazwa kwa skrubu, kila mfupa na chake. Ramazani alinipiga kwa nondo ya dirisha alilokuwa akichomelea, kwa kosa la mteja kunisalimia kwa jina. Nilikinga kichwa. Hospitalini nikasema nimeteleza kwenye matope. Daktari akainua picha kwenye mwanga.

"Maman, mifupa mbili haivunjikake hivi juu ya kuanguka. Njo nani alikupiga?"

Nikasema matope. Ramazani alikuwa kando ya kitanda, akijigamba kwamba chuma hicho angekichomelea vizuri zaidi yeye mwenyewe.

Mkono umeunga, lakini kiganja hakigeuki. Nikiomba dua, kimoja kinatazama juu, kingine kinatazama mkeka. Mvumilivu hula mbivu, uliniambia. Nimekula, Mama, kwa mkono wa kushoto.

Barua yenu ya pongezi Ramazani aliisoma mbele ya mafundi wake, akacheka hadi machozi, akaninyooshea kidole. "Bakwe banangoja gari! Gari yangu njo hii, inapika na foufou!" Tangu siku hiyo mafundi wananipigia honi kwa midomo nikipita.

Kinachonikata maini ni kwamba mmeuza kitanda na kufunga mizigo, mkingoja gari hilo liwatoe vitani. Fungueni mizigo. Hakuna wa kuwafuata. Ninayekuja ni mimi, kupitia mpaka wa Bugarama, kwa miguu nikikosa lori. Usiniambie huko kuna vita. Afadhali risasi ya mtu nisiyemjua.

Nisalimie dada Zaina aliyenisuka siku ya arusi. Nisalimie na Shangazi, aweke akiba ya vigelegele. Baba mdogo Idi, aliyepokea mahari, mwambie mali yake inarudi na vyuma ndani.

Mara ya mwisho nilipokimbilia kwako, ulinirudisha na kuku mkononi wa kumwombea mume msamaha. Ukitaka kunirudisha tena, Mama, tafuta kwanza wa kumbeba huyo kuku. Mkono ule haubebi tena.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma