Alama Mbili kwa Chupa Namba Tatu

Jumapili, alasiri. Korogwe.

Jua limewaka tangu asubuhi, mabati yanalia juu ya kichwa changu, na mimi nimejifungia chumbani na pazia nimeshusha kama mtu mwenye homa. Sina homa. Nina wivu. Naliandika neno lenyewe upesi kabla sijapata muda wa kulipamba.

Jana tulikuwa na kikao cha kuonja. Kwa anayesoma blogu hii mara ya kwanza (kikundini hakuna anayeisoma): tuna kikundi kidogo cha watu wanaotengeneza divai nyumbani kwa matunda ya huku kwetu. Hatuuzi, hatuna duka, ni watu watano na madumu yao. Mama Upendo wa Mombo hutengeneza ya pesheni. Mwalimu Josephat wa Kabuku, ya machungwa. Bwana Mhina wa hapahapa Korogwe, ya ndizi. Mimi ni nanasi, maana kikundi nilikianzisha mimi miaka sita iliyopita kwenye kibaraza changu cha ushonaji, na dumu la kwanza kabisa lilikuwa la nanasi.

Na yuko Editha wa Handeni.

Editha alikuja kwangu miaka miwili iliyopita na daftari jipya na kalamu mbili. Hakujua kitu. Nilimfundisha kuweka hamira, nikamwonyesha namna ya kupitisha mpira mwembamba kwenye mfuniko wa dumu, ncha yake ikazama kwenye chupa ya maji, hewa ipate kutoka bila vumbi kuingia. Akaenda kwao akausahau huo mpira. Dumu likavimba, likavimba, likapasuka sebuleni, mapazia yake meupe yakawa ya waridi. Alinipigia simu analia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikapanda basi nikaenda kumsaidia kufua.

Nilimpenda sana siku zile. Nikiwa mkweli, nilimpenda kwa sababu alikuwa hajui.

Sasa anajua. Mwaka jana alileta divai ya choya, ile nyekundu ya maua makavu yanayouzwa sokoni kwao, ameitia sukari guru na tangawizi kidogo. Mama Upendo alionja akafumba macho. Kwenye nanasi yangu hajawahi kufumba macho. Tangu hapo kila kikao ni Editha, Editha. Mhina akikutana nami njiani, badala ya kuniuliza habari za watoto, ananiuliza kama Editha atakuja.

Nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa pili nilikwenda Handeni kupeleka sare za shule nilizoshona, na nikiwa sokoni nikanunua kilo mbili za choya. Nilizunguka nyuma ya mabanda ya mitumba nisikutane naye. Nikarudi, nikapika kama alivyotueleza mwenyewe kikaoni, sukari guru, tangawizi, kila kitu. Nilitaka nimshinde kwa chungu chake mwenyewe, halafu nijifanye imetokea tu.

Safari hii kulikuwa na cha kugombea. Kikundi kimepewa meza moja kwenye maonesho ya usindikaji wa mazao Tanga, na divai itakayoongoza ndiyo itakayowekwa mezani, mtengenezaji wake akisimama hapo siku zote nne na kuwaeleza watu. Miaka sita nimejiona nimesimama kwenye meza hiyo. Gauni nilishalishona, la kitenge cha bluu, na mikono nimeiweka mifupi ili isichovye kwenye glasi.

Kuonja kwetu kuna utaratibu. Kila mtu anapeleka chupa yake siku moja kabla kwa Mzee Shembilu, aliyekuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge. Yeye hanywi, tumbo lilimkataza zamani, ndiyo maana tunamwamini. Anamimina kila divai kwenye chupa zinazofanana, anabandika namba mbele, na jina anaandika kwenye karatasi anayoigundisha chini ya kitako. Kisha tunaonja zote, na kila mtu anasimama na kutaja alama zake kwa sauti, moja hadi kumi.

Kuna desturi nyingine, ambayo haijaandikwa popote. Kila mtu akiitambua divai yake anaipa kumi. Wote tunajua, wote tunafanya, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kumi za kila mtu zinafutana na za mwenzake.

Jana, sebuleni kwake, zilikuwa chupa tano. Machungwa, pesheni na ndizi hata kipofu angezijua. Nyekundu zilikuwa mbili, namba tatu na namba tano. Niliwaona wanatazamana, nanasi haipo na nyekundu ni mbili. Nikaangalia dirishani.

Nilionja namba tatu. Ilikuwa nzuri. Ilishuka taratibu, tangawizi ikaja mwishoni, na moyo wangu ukaruka, nikajua hii ni yangu. Nilionja namba tano, nayo ilikuwa nzuri. Kusema haki, sikuona tofauti kubwa. Lakini nilikuwa nimeshachagua.

"Haya, semeni," Mzee Shembilu akasema. "Na msitazamane."

Editha alisimama kabla yangu. Akaenda kwa mpangilio, machungwa saba, pesheni nane. Namba tatu akaipa kumi. Ndizi saba. Namba tano akaipa tisa, akakaa.

Kumi.

Kichwa changu kilifanya hesabu haraka kuliko nilivyoomba. Kila mtu anajipa kumi. Editha ameipa tatu kumi. Basi tatu ni yake, na yangu ni tano. Nikachukua tena glasi ya tatu, nikaonja mara ya pili, na nawaapia ilikuwa imebadilika. Ilikwaruza koo. Tangawizi ilikuwa nyingi mno. Ilinikumbusha dawa ya kikohozi.

Nikasimama. Namba tano niliipa kumi, bila aibu. Kisha nikageukia namba tatu, na hapo sikuishia kwenye alama. Nilitoa hotuba.

"Hii imeharakishwa," nikasema. "Tangawizi imetiwa kwa mkono wa mtu mwenye pupa. Rangi ni ya kutishia watu tu, ndani hamna kitu. Huyu aliyetengeneza arudi akajifunze subira. Naipa mbili."

Hakuna aliyewahi kutoa mbili kwenye kikundi chetu. Hata ile ya Mwalimu Josephat iliyogeuka siki tuliipa nne na pole. Mama Upendo aliweka glasi yake chini. Mimi nilikaa nikikunja kanga yangu magotini, na nilijisikia vizuri sana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Shembilu akaanza kugeuza chupa. Alipofika ya tatu alisoma karatasi, akavaa miwani, akasoma tena.

"Namba tatu," akasema. "Mama Glory."

Mama Glory ni mimi.

Sijui nilikaa vipi kwenye kiti. Nakumbuka inzi kwenye ukingo wa glasi. Na kilichofuata ndicho kilichonifanya leo nijifungie ndani mara tu niliporudi kanisani. Mhina alicheka kwa furaha. "Mama Glory, kumbe we mkali hata kwako mwenyewe!" Mwalimu Josephat akapiga makofi, akasema wamemwona mwasisi wa kweli, mtu anayejihukumu kuliko anavyohukumu wengine. Wote wakapiga makofi. Walidhani nimejua. Walidhani ni unyenyekevu.

Nami nikainamisha kichwa, nikatabasamu kidogo, nikapokea.

Editha peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama. Akaniambia polepole, "Dada, kumbe kweli umetengeneza choya. Mbona hukuniambia? Ningekuletea yetu ya nyumbani, tumeanika wenyewe." Nikasema nilitaka kujaribu tu.

Namba tano, yake, imeongoza. Amenizidi alama sita. Zile nane nilizojinyima mwenyewe zingenipa meza hata kama kumi niliyompa angebaki nayo. Nimezijumlisha jana njiani, nimezijumlisha leo kanisani wakati wa mahubiri, na kila mara zinatoka vilevile.

Mchana huu simu imeita. Ni yeye. Nusura nisipokee.

"Shikamoo dada," akasema, kama siku zote. Nikaitikia. Akacheka kidogo, akasema ana jambo la kuungama. "Mi' nilidhani tatu ndo yangu, ndo maana nikaipa kumi. Na nilipoona nyekundu mbili, nikasema hii tano lazima ni ya dada, nani mwingine angeiweza? Kumbe nimekupa kumi bila kujua!"

Alikuwa anacheka kweli. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani na simu sikioni, na sikuweza kucheka.

Kwa sababu ile aliyodhani ni yangu aliipa tisa. Ile niliyodhani ni yake niliipa mbili.

Hakuitaja ile mbili. Angeitaja ningejua namna ya kumkasirikia. Hata kwenye hilo amenizidi, na sijui mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu kwa kiasi gani kabla hajaugua.

Halafu akaniambia alichopigia simu. Divai ya maonesho bado imekaa dumuni juu ya mashapo yake, tope lote la choya liko chini, na hajawahi kuhamisha dumu kubwa hivyo. Mara zote anafanya ya lita tano. Hii ni lita ishirini, na hana nyingine. Anaogopa kuitibua. "Niambie nifanyeje, dada. Au nilitingishe kwanza ndo nichuje?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

Nataka niandike nilichofikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu kwa mdomo sitamwambia mtu. Nilifikiri kusema ndiyo. Neno moja tu. Litingishe mdogo wangu, kisha uchuje kwa kitambaa. Ingekuwa matope mpaka siku ya maonesho, hakuna kitambaa cha dunia hii kingeisafisha, na meza ingerudi kwa aliyefuata. Aliyefuata ni mimi. Na hakuna ambaye angejua, hata yeye, maana ananiamini. Angelia kwenye simu kama alivyolia kwa mapazia, na mimi ningempa pole.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Dada? Upo?"

Nimemwambia asiliguse. Asilisogeze hata kidogo, wala asimruhusu mtu kukaa karibu nalo. Nimemwambia nakuja mwenyewe na mpira wangu, tutaivuta kutoka juu taratibu, mimi nitashika huku na yeye huku. Akasema asante dada, asante sana, na nusu ya sauti yake ilikuwa kilio. Akasema pia nifikirie kwenda naye Tanga, yeye hajui kuzungumza mbele za watu. Hilo sijamjibu. Kusimama nyuma ya mwanafunzi wangu na kumshikia glasi kwa siku nne, hapana, bado sijafika huko.

Baada ya simu nimefungua ile namba tatu iliyobaki, niliyorudi nayo jana, nikamimina kikombe kizima, nikanywa polepole bila kujua ni ya nani. Nimejaribu kweli kutokujua. Ni divai nzuri. Tangawizi haijazidi. Ningemwonea wivu mtu yeyote aliyeitengeneza.

Basi la kwanza la Handeni linaondoka saa kumi na mbili. Kesho nitaamka na wivu wangu uleule, najijua, lakini nitaamka saa kumi na moja.