Mlango Uliopimwa kwa Mwanzi

Lufingo

Baba,

Hili ndilo neno langu la kwanza kwako. Mwaka mzima tumeishi ua mmoja, nami sikuwahi kukuamkia wala kuuona uso wako, kwa kuwa desturi yetu haimruhusu mkamwana kukutana na baba mkwe. Ulikuwa ukikohoa njiani, nami nakimbilia migombani. Wasichana niliosoma nao sekondari walinicheka kule Tukuyu, wakasema mambo hayo yaliondoka na mkoloni. Nilicheka nao. Kisha nikaolewa na Asajile wako, nikajua kwamba mtu anaweza kupendwa na mtu asiyemwona.

Ulisikia mahindi yetu ya kwanza yameota ukungu chini ya kitanda. Kesho yake nikasikia panga likikata mianzi nyuma ya nyumba, ukaanza kutujengea ghala. Nilikufuatilia kupitia ukuta wa jiko. Kazi ikienda vizuri ulipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Kamba ikikatika, mluzi ulinyamaza. Uliinua sakafu juu ya mawe, kimo cha goti, unyevu usipande. Ukasuka kuta za mwanzi uliopasuliwa, upepo upite, panya asipite. Baba, sijaona mikono kama ile. Mimi nilipika uji wa ulezi, Mama, mkeo, akakupelekea, bakuli likarudi tupu. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Ulipomaliza niliingia na debe la maharage kichwani, nikalibamiza kwenye kizingiti cha juu. Safari ya pili, bila debe, nikagonga paji la uso. Mlango uliupima kwa kimo cha Mama, na Mama ananifika begani! Nilificha uvimbe kwa kitambaa. Ningewezaje kulalamikia zawadi ile? Lakini wewe uliona nyuzi za kitambaa changu zimenasa kwenye mwanzi, ukamwuliza mwanao mke wake ana urefu gani. Asajile hawezi kunisifu kwa kiasi. Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake mwenyewe.

Ukamwambia, "Kumbe umeoa mgomba."

Aliponiletea maneno hayo nilicheka hadi machozi. Akanishika kiuno, akasema migomba ndiyo inayoilisha Rungwe. Ndivyo alivyo mume uliyenilelea.

Basi ukaleta mwanzi mmoja mrefu. Mama akanisimamisha nao ukutani, akakata alama kwa kisu juu ya utosi wangu, akakurudishia. Ukaubomoa mlango wote, ukaanza upya.

Jioni ulikuwa ukienda kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu akiwa mwanao. Nami nilikuwa na siri. Nilipanga kwamba siku utakapoweza kusoma, nitakuandikia barua. Desturi imekataza macho na sauti; karatasi haikuitaja. Nilitaka neno moja tu likufikie: asante. Kila siku nilimwuliza Asajile umefika wapi. Akasema silabi umezishika, bado maneno marefu. Nikangoja.

Homa ikakuchukua kwa siku nne, na mlango haujasimama. Ah, Baba. Kwa nini nilingoja maneno marefu?

Baada ya matanga fundi mmoja kutoka Kiwira alikuja kumalizia. Akataka kuushusha mlango kidogo, mbao zitoshe. Mimi ambaye sipazi sauti mbele za watu, nikamwambia, "Kipimo hicho hakipungui." Nikaenda kuuchukua mwanzi wako ulikokuwa umeuweka, juu ya mbavu za paa, nimwonyeshe. Kando ya alama ya kimo changu palikuwa na maandishi ya mkaa, herufi kubwa, zimeinama kama watu wanaopanda mlima:

UJI MZURI.

Nikakaa chini palepale. Mama, asiyejua kusoma, akauliza kumeandikwa nini. Nikamsomea. Akasema, "Mimi nimempikia miaka yote hii, hajaniandikia." Tukacheka, Baba, na kicheko kikageuka kilio tukiwa tumeshikana.

Sasa mlango umesimama. Napita nimenyooka, debe mkononi, wala siinami. Nje mvua inanyesha kama kawaida yake, lakini mahindi ni makavu, ukiyatikisa yanalia. Asajile akiniona napita hapo huacha kazi yake na kutazama tu, mpaka namwonea haya.

Mwanzi wako tumeufunga juu ya mlango, upande wa ndani. Nimetoboa fundo la mwisho, na barua hii nitaikunja niitie humo, karibu na maneno yako. Nakuahidi jambo moja: Mama nitamfundisha kusoma, mimi mwenyewe, humu humu ghalani, mpaka ausome mwanzi huu bila msaada. Najua atakugombeza tena. Uvumilie.

Pumzika, Baba. Asante kwa mlango.

Mkamwana wako, yule mgomba,
Subilaga