Mjomba Kisigino wa Uongo

Mary, acha unachofanya usome hii. Salvina amekutana na Mjomba Kisigino!

Ndiyo, yule yule! Lile jina la kiume analotungia katuni kwenye gazeti la Dar, ambalo ni mimi na wewe tu tunajua ni lake.

Leo tulipanda Marangu kutazama maporomoko. Mwenzetu kichwa kinamuuma: mganga tapeli wa katuni yake amekwama ndani ya pipa la mbege, ile pombe ya ndizi, kesho hadithi inatakiwa Dar, na hajui amtoeje.

Akaja kaka mmoja, Denis, muuza vipuri wa Kiboriloni. Akakaa mezani kwetu bila kukaribishwa. "Dada, unasoma katuni? Mimi ndiye Mjomba Kisigino."

Mae! Anamwambia Salvina! "Mimi ndiye"!

Nikajua leo mtu anasukumwa mtoni. Salvina akameza soda, akauliza taratibu, "Hongera. Sasa mganga atatokaje pipani?"

Denis hata hakufikiri. "Hatoki. Wagonjwa wanamfuata humo humo, kila mmoja anakunywa kikombe kabla ya tiba. Pipa likikauka anatoka mwenyewe, na kijiji kizima kinaapa kimepona."

Wazo hilo lilimchoma Salvina moyoni, maana lilikuwa zuri kuliko yote aliyofuta wiki nzima. Halafu akamwagizia bia, akatoa kalamu. "Endelea, Mjomba."

Kaka wa watu akadhani ni mapenzi, akaomba namba ya simu. Salvina akampa bila kusita.

Mary, amempa yangu. Denis ameshapiga mara tatu!