Sabuni Uliyonipa Guta

Mwenzangu Magesa,

Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu anwani yako siijui. Mmoja anasema uko Kisumu, mwingine anasema umeoa Migori, wa tatu anaapa alikuona Sirari umekonda. Nitampa yeyote anayevuka mpaka, na akiisoma njiani, basi aisome. Pengine yeye atakuelewa, maana mimi nimeshindwa.

Unaikumbuka siku ile ya likizo, kiangazi kikali, tulipoupanda mlima wa Balili ili tuteremkie ziwani Guta? Tulikuwa walimu wa shule moja pale Bunda, tumebeba michembe yetu ya viazi na chupa ya maji. Kwenye mawe makubwa ulinipa mkono. Tulipofika tambarare ulipaswa kuuachia, hukuuachia. Kule juu ziwa lilipotokea lote mbele yetu, ukasema, "Nyangeta, nina neno. Tukifika majini nitakwambia." Nikateremka mbio mbio kama mtoto aliyetumwa sukari.

Tukafika. Ukatoa mfukoni sabuni nzima ya kuogea, mpya, ndani ya karatasi yake, ukaniwekea kiganjani. "Haya, oga," ukasema, kisha ukanipa mgongo ukakaa kutazama mlima.

Magesa! Wakati ule sabuni ilikuwa imeadimika madukani, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Sabuni nzima sikuwa nimeishika tangu nitoke chuoni. Lakini pia nilikuwa nimetembea juani tangu asubuhi, na jasho langu nalijua. Sasa ulikuwa unaniposa, au ulikuwa unaniambia nanuka? Mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria kwa mchanga pembeni yetu alicheka.

"Dada, huyo anakutaka. Wanaume wa huku hawatupagi hata magadi."

Nikakuuliza, "Ndiyo neno lenyewe?"

"Wewe umelionaje?"

"Naona unasema nanuka."

Ukacheka mpaka ukajishika tumbo. Hukukubali, hukukataa. Nikaoga na gauni langu mwilini, kwa hasira, nikatoka nanukia vizuri kuliko bibi harusi, na njia nzima ya kurudi ukaniimbia nyimbo za mchakamchaka. Wiki iliyofuata ukavuka mpaka na watu wa magendo, bila hata kuniaga.

Siku hizi maduka ya Bunda yamejaa sabuni za kila rangi. Watu wanasema mambo yamefunguka. Mbona kwangu hayajafunguka? Nimekukasirikia, nimekulilia, halafu najikuta darasani nacheka peke yangu na watoto wananishangaa. Nakupenda bado, wala sijui nampenda nani hasa.

Kuna fundi seremala wa Nyegina aliyefiwa na mkewe. Amekuja kwangu, hakuzunguka. "Mwalimu, nataka uwe mke wangu. Nyumba iko, shamba liko. Unasemaje?" Nimemwelewa kila neno, na moyo wangu umekaa kimya tu. Ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Baba ananiuliza namngoja nani, nami nabaki nakunjakunja kanga. Nitamwambiaje kwamba namngoja mtu ambaye hakusema atarudi?

Jumamosi wazee wa fundi wanakuja. Unajua ilivyo kwetu: baba ataniita sebuleni, aniulize mbele yao, "Binti, wageni hawa unawafahamu?" Nikisema siwafahamu, watanyanyuka waende zao. Nikisema nawafahamu, nimeshaolewa. Kutwa najaribu majibu yote mawili mbele ya kioo, na yote mawili yananitoka sawasawa, kama ya mtu mwingine.

Basi barua hii ikikufikia, usiniandikie. Njoo Jumamosi, uketi pale kati ya wageni. Baba akiniuliza, nitakutazama wewe kwanza.

Uwe mzima huko uliko,

Mwalimu mwenzako.