Saa Moja Tupu

Bengaluru, 3 Agosti

Baba,
Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi haba. Moyo wako unaendeleaje, na daktari kasemaje? Kigari chetu kitatua mwezini tarehe tisa, jua la huko likichomoza. Likizama tarehe ishirini na tatu, kitaganda na kufa. Mimi ndiye ninayekipangia kila saa: kitembee lini, kipige picha lini, kitutumie habari lini. Kila mtaalamu anagombania muda wake, na bosi hataki nipoteze hata dakika.
Mwanao, Shivaleela

Hubballi, 6 Agosti

Binti yangu,
Marahaba. Sijambo, na shangazi yako Gourawwa hajambo, ila ananinyima chumvi. Daktari hana haraka. Upasuaji ni tarehe ishirini na tano, kigari chako kikishalala. Sasa nisikilize. Miaka thelathini na moja nimechora ratiba za treni, na sijaona treni inayosoma ratiba. Acha saa moja tupu kila siku. Bosi akinuna, anune.
Baba yako

Bengaluru, 14 Agosti

Baba,
Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi soma. Juzi gurudumu la kigari lilizama kwenye vumbi. Ile saa tupu, ambayo bosi aliiita saa ya uvivu, ndiyo tuliyoitumia kulinasua. Leo kaniletea boksi la peda, vile vitamu vya maziwa, akaliweka mezani kwangu.

Lakini jana shangazi kanipigia. Kumbe daktari alitaka kukupasua tarehe kumi na moja! Umesogeza siku kwa ajili ya mwezi wangu? Nimekasirika, baba, na nimelia. Zamu zangu nimemwachia Nazneen, mwenzangu wa kazi. Daktari nimembembeleza, amekubali tarehe kumi na nane. Nakuja kwa treni ya kesho, na usinibishie.
Mwanao

Hospitalini, Hubballi, 17 Agosti, alasiri

Binti yangu,
Umesinzia kwenye kiti hapa kando yangu, mdomo wazi, kama ulipokuwa mdogo. Barua hii naituma Bengaluru uikute ukirudi, maana ana kwa ana siwezi kukuambia. Mwezi wako niliusingizia tu. Niliogopa kisu. Ulipoingia na begi lako, ukaanza kumgombeza muuguzi kuhusu shuka, woga ukapungua. Haujaisha.

Kesho wananichukua saa tatu asubuhi. Gourawwa kanipa daftari nijipangie siku. Nimeandika mpaka saa tatu. Chini yake nimeacha tupu.
Baba yako