Lugha Niliyoikana Kasongo

Kasongo, tarehe 16 Septemba 1956

Mpendwa Mjomba André,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua chako kimepoa? Na kazi ya reli huko Kindu, inakuachia hata siku moja ya kupumzika? Mama Odile na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima.

Moyo ndio mgonjwa, nami nakuandikia wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe uliyenipeleka shule kwa baiskeli yako.

Nilipohitimu uuguzi niliambiwa nichague: hospitali hapa Kasongo, au dispensari ya kwetu Wamaza. Katika daftari langu, tarehe 3 Juni, niliandika neno moja tu: "Nimechagua." Sababu sikuiandika. Nilitaka nyumba ya matofali. Niliona haya kwenda kuchemsha sindano juu ya kuni mbele ya watu wanaoniita kwa jina la utotoni. Basi, ili nisipelekwe Wamaza, nilimwambia daktari kwamba Kibangubangu, lugha ya kwetu, sikijui. Mama nilimwandikia kwamba Serikali ndiyo iliyonipanga hapa.

Tarehe 4 mwezi huu aliletwa kwa machela Bibi Hawa, jirani yetu wa Wamaza, mguu una kidonda. Macho yake yamefifia, hakunitambua. Kiswahili hakijui. Bendeji nilimfunga mimi mwenyewe. Siku mbili alilia kwamba imembana, vidole vinakufa. Nilisikia kila neno. Ningeilegeza, lakini hapa masista huuliza sababu ya kila bendeji inayofunguliwa kabla ya siku yake, na sababu ningeijuaje?

Mwenzangu Zuberi akasema, "Huyu mama anaimba wimbo gani kila siku?" Nami nikacheka, Mjomba.

Siku ya tatu nilikuwa nazungumza na Zuberi karibu na kitanda cha Bibi Hawa. Akaijua sauti yangu. Akanishika mkono, akaniita jina la nyumbani, akasema maneno kwa sauti kubwa hata wodi nzima ikageuka.

Zuberi akauliza, "Marcellin, anasema nini?"

Nikafasiri. Alisema: "Musimukaripie huyu mutoto, ni wetu. Pengine vitabu vimemukula maneno."

Bendeji ilifunguliwa saa ile ile. Vidole viwili daktari alivikata.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa daktari nikaufuta uongo wangu. Akasema Wamaza bado haina muuguzi. Nikaomba niende. Jumatano nitapanda lori la pamba pamoja na Bibi Hawa. Kutoka Kabambare, lori linapoishia, tutambeba, nami nitashika mti mmoja wa machela.

Mama bado anaamini habari ya Serikali. Nakuomba usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, kwa Kibangubangu, nisipate pa kujificha.

Nisalimie Mama Odile, na Mado, na Antoine mdogo. Mungu akulinde kila treni inapoondoka na kila inaporudi.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye hata asipostahili,

Marcellin