Ncha ya Pili ya Kilemba

Mtaa wa Juu, Akre
9 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Hersh,

Pokea salamu za nyumbani. U hali gani huko Uswidi? Gulizar na watoto hawajambo? Magoti yako yanaiwezaje hiyo baridi? Mimi mzima, ila kikohozi hunitembelea asubuhi.

Theluji imeyeyuka, mlima unarudi kuwa kijani. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mke wangu Shamam afariki. Bado nachemsha chai ya watu wawili. Nina upweke, ndugu yangu, sikufichi.

Umeuliza kwa nini niko kichwa wazi kwenye picha aliyokutumia Rasul, jirani yetu. Wewe uliondoka mdogo, huenda umesahau. Kitambaa cha kilemba kikishakunjwa, watu wawili hushika ncha na kukisokota hadi kikazike, ndipo kizungushwe kwenye kofia. Miaka yote Shamam alishika ncha ya pili, akinichokoza, "Vuta, bwana, au leo umekunywa mtindi tu?" Sasa ncha hiyo naifunga kwenye kitasa cha mlango.

Siku ya kwanza nilienda na kilemba hicho nyumba ya chai. Rasul akanitazama, akasema, "Mzee Pirot, hicho kilemba au kiota cha korongo?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia. Sijarudi tena pale.

Mwezi uliopita rafiki yangu Khidir alifariki. Unajua mtu wa umri wangu haingii matangani kichwa wazi. Nilivuta asubuhi nzima, mwishowe kitasa kikang'oka nikaanguka chali. Rasul angekuja kama ningemwita, lakini kazi ile ni ya mtu wa nyumbani. Basi matanga ya Khidir yakaisha bila mimi, na hilo linaniuma kila siku.

Sitaki uniletee koti wala dawa. Njoo Newroz hii, tuupokee mwaka mpya wetu pamoja, hata kwa wiki moja, unishikie ncha. Nataka kwenda kumpa pole mjane wa Khidir nikiwa nimevaa kama mwanamume wa kwetu.

Nisalimie Gulizar, na Rebin, na Berivan mdogo. Mungu awafunike kwa rehema zake popote mlalapo.

Kitasa nimekirudishia. Ukifika, sukuma mlango polepole, huenda nimejifunga nao kwa kilemba.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Pirot